Soksi za Baba

Shoga, acha nikupe ya leo hospitalini.

Unajua baba, tangu avunjike nyonga, amevalishwa zile soksi za kubana, damu isije ikaganda miguuni, bonge likapanda hadi mapafuni. Leo nafika wodini, miguu mitupu.

Soksi kazivaa shangazi anayemuuguza. Dada yake wa tumbo moja.

Namuuliza, ananijibu bila haya, "Mimi ndiye ninayeshinda nimesimama, miguu inavimba. Yeye amelala tu, soksi za nini?"

Amelala tu. Shoga, si ndiyo sababu alivalishwa? Kwa kuwa amelala tu.

Nesi akamvua palepale. Zinanuka jasho, kisigino kimetoboka.

Siku nne baba hana soksi, shoga. Namuuliza baba mbona alinyamaza. Kumbe shangazi alimwambia kwamba daktari ndiye aliyeagiza zivuliwe.