Betri za Njeri

Jumatano, 28 Mei 2008

Sanduku limelia tena leo. Mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Sanduku ni redio ya hali ya hewa. Njeri, mke wa mwanangu Daudi, ameiweka juu ya kabati la jikoni kama sanamu ya kuabudiwa. Inapiga mlio wa kutoboa masikio, halafu mwanamume asiye na damu anasoma majina ya wilaya moja moja, utadhani anaita mahudhurio. Kimbunga kinaweza kutokea. Hakikutokea. Hakijatokea tangu nifike mwezi wa pili.

Nchi iliyopeleka watu mwezini inakimbilia chini ya ardhi kwa sababu ya upepo. Na nyumba wanajenga za mbao na karatasi ngumu. Ukiegemea ukuta inabidi uuombe radhi. Nyumba yangu Lushoto ni ya tofali la kuchoma.

Daudi angeweza kupanga mji wa Wheaton, kwenye Watanzania wenzake. Akaja huku mashambani, dakika arobaini kupita mji wa Sterling anakofanya kazi, eti mtoto wao Neema apate hewa. Hewa tunayo. Majirani ni farasi.

Ijumaa, 30 Mei

Njeri ni muuguzi. Anaandika kwenye kila kitu kwa kalamu nyeusi ya wino mzito. Maziwa, wali wa jana, chupa ya mafuta. Hata betri za sanduku: MEI, MEI, MEI, MEI. Siku moja nitaamka na tarehe kwenye paji la uso.

Wakenya bwana. Chai yake ni maziwa yaliyoonyeshwa majani kwa mbali.

Leo amenielekeza upya njia ya chumba cha chini, polepole, kana kwamba mimi ni mgonjwa wake. "Mum, hii kitu ikilia, wewe na Neema mshuke basement straight. Msingoje." Nimeitikia. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa, najua kuitikia bila kusikia.

Jumapili, 1 Juni

Wote wawili kazini. Kanisa hakuna. Redio yangu ya kaseti imekata roho katikati ya kwaya ya usharika wetu, kitu pekee katika nyumba hii kinachosema nami Kiswahili bila kuchanganya. Betri. Nilimwomba Daudi tangu Alhamisi, amesahau. Duka liko mbali na mimi siendeshi gari.

Sanduku lina betri nne, na kutwa linakula umeme wa ukutani. Kazi ya hizo betri ni nini? Kukaa. Nimezichukua. Zimeingia sawasawa. Kwaya imeimba mpaka saa kumi na moja. Sina majuto.

Jumatano, 4 Juni

Saa tisa na nusu mchana. Limelia tangu asubuhi, wala sijanyanyuka. Neema, mjukuu wangu, miaka saba, ameshuka sasa hivi kwenye basi la shule. Umeme umekatika na sanduku limenyamaza. Afadhali. Nimemkalisha meza ya jikoni afanye jedwali la saba, maana shuleni kwao bado wanapaka rangi. Anasema twende chini. Nimemwambia akae.

Alhamisi, 5 Juni

Mwandiko mbaya. Naandika bila taa.

Mvua ya mawe ilianza, mengine makubwa kama limau. Kisha ikakata ghafla, na nje kukawa na rangi ya kijani, kijani cha maji ya bwawa. Hakuna ndege, hakuna jani lililotikisika. Neema akasema, "Bibi, we have to go down. Now." Kiswahili anakisikia chote, kujibu hataki. Nikasema, saba mara nane. Akaniangalia. Akateremka kwenye kiti, akakimbia.

Mtoto wa miaka saba amenipa mgongo! Nikavua kandambili, nikamfuata ngazi zote za chumba cha chini, nimchape. Nilimkuta amejikunyata chini ya ngazi, kichwa magotini, mikono imefunika kisogo, kama walivyomfundisha shuleni. Nikainua kandambili.

Ndipo ikaja. Si sauti ya upepo ninaoujua. Nyumba ilivutwa kama jino. Masikio yakaziba, vumbi likashuka. Nikamlalia mtoto. Sijui ilikuwa dakika moja au kumi. Nilikuwa bado nimeshika kandambili.

Tulipopanda, jikoni kulikuwa na mti. Mwaloni wa uani, shina zima, umepita kwenye paa na kulala juu ya meza. Kiti cha Neema kimekuwa kuni. Daftari lake lilikuwa chini ya matawi, linalowana. Alikuwa ameishia saba mara saba.

Njeri alifika saa kumi na mbili. Barabara ilizibwa na miti, kaacha gari, katembea, sare yake ya hospitali tope mpaka magotini. Alikuwa ametupigia simu mchana kutwa, na simu ya nyumbani haifanyi kazi bila umeme. Akamkumbatia Neema, kisha mimi. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimewachapa watoto wa watu kwa methali hiyo miaka thelathini na nne. Jana mkuu nilikuwa mimi. Angenisikia, tungekuwa tunamzika.

Ijumaa, 6 Juni

Umeme bado. Mti wameukata vipande, shimo la paa wamelifunika kwa turubai. Daudi ameliokota sanduku chini, zima, hata ufa halina. Akalifungua mgongo. Tupu.

"Njeri, betri ziko wapi? Si nilikuambia u-check kila mwezi?"

"Niliziweka. Hata niliziandika."

"Uliandika hewa?"

Niliijua sauti hiyo. Ni yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema na walimu wavivu, na yeye mdogo akisikiliza nyuma ya mlango. Akaendelea: mtoto angekufa, muuguzi gani huyu, anaandika tarehe kwenye maziwa na anasahau uhai wa mtu. Njeri akatazama sakafu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na ufagio. Nikafagia.

Jioni Daudi ameniomba redio yangu tusikilize habari, wanasema dhoruba nyingine inakuja. Nimemwambia imeharibika. Uongo umetoka laini, kama nimeufanyia mazoezi. Walionidanganya niliwapigisha magoti kwenye changarawe. Mkuki kwa nguruwe.

Neema ameniuliza kwa nini sisikilizi nyimbo zangu. Nimemwambia aende akalale.

Jumamosi, 7 Juni

Umeme umerudi asubuhi. Nilikuwa uani naokota matawi. Nikainua macho, nikamwona Njeri dirishani mwa chumba changu. Kaja kubadilisha shuka. Redio yangu ilikuwa mkononi mwake, na kifuniko cha nyuma mkono wa pili.

MEI, MEI, MEI, MEI.

Nimesimama na matawi yangu nikingoja kelele. Ningekuwa mimi, mpaka farasi wa jirani wangesikia. Ametoka na shuka chafu, akaniuliza kama nimemeza dawa ya presha. Halafu akaenda dukani.

Jioni nimekuta redio juu ya kitanda, juu ya shuka safi. Betri nne mpya ndani. Kila moja ina maandishi meusi: MAMA. Nimekwenda jikoni kuchungulia sanduku. Lina zake nne: JUNI.

Daudi hajaambiwa. Chakula cha usiku bado alikuwa anamnunia mke wake, na mke wake anampakulia wali. Miezi minne nimemdharau huyu mwanamke, chai yake, kalamu yake, Kiswahili chake. Namchukia kidogo kwa kuninyamazia. Mimi najichukia zaidi. Redio sijaiwasha.

Jumapili, 8 Juni

Nimesema. Mezani, kabla Daudi hajamaliza mkate. Betri nilizitoa mimi, Jumapili iliyopita, nisikilize kwaya. Mke wako hana kosa, na redio yangu haikuharibika. Nimesema nikiwa nimesimama, kama nilivyokuwa nikiwataka wanafunzi wasimame.

Daudi ameweka mkate chini. Amenitazama, akamgeukia mke wake. Neema ameuliza kwa Kiingereza kama Bibi aliiba. Nimemwambia ndiyo, Bibi aliiba. Njeri amesogeza kikombe changu.

"Mum, kaa. Chai inapoa."

Mchana sanduku limelia. Wa kwanza kushuka nilikuwa mimi, Neema mkononi, kandambili zote mbili miguuni. Daudi amefuata. Amekaa karibu na Njeri, chini ya ngazi, na nimemsikia akimwambia samahani kwa sauti ndogo. Nimetazama ukuta. Njeri alikuwa ameshuka na chupa ya chai.

Ni maziwa matupu. Kimbunga hakikuja. Nimekunywa vikombe viwili.