Mimi na Chelangat, Mlima Elgon

Jumatatu, 7 Aprili
Nimechuma majani ya chai mpaka saa tano, mvua ikanifukuza. Jumamosi tunaenda Mlima Elgon, akina mama wa kanisa, siku tatu mbugani. Mwenyekiti amesema mwezi huu mlima hauaminiki: jua, ukungu na barafu siku moja. Nimejaribu koti langu la mvua. Linavuja begani.

Jumanne, 8 Aprili
Hema zimegawanywa, watu wawili wawili. Nimewekwa na Chelangat, dada yangu aliyeolewa Chebunyo. Hatujaongea tangu mazishi ya mama, miaka sita. Siku ile alisema mbele ya watu wote kwamba niliona chai ni muhimu kuliko mama. Ni kweli mama alikufa nikiwa shambani. Hilo ndilo linaniuma. Nilitaka kujitoa. Sijajitoa.

Alhamisi, 10 Aprili
Fundi wa viatu kule Kapsoit ameziba koti. Sweta mbili, soksi za sufu, tochi. Nguo zote nimezifunga kwa nailoni ya gunia la mbolea. Mume wangu amecheka. Acheke.

Jumamosi, 12 Aprili
Mbugani. Chelangat amekuja na mkoba wa kanisani na viatu vya raba. Hana koti. Tumesalimiana kwa mkono kama wageni. Nimempa sweta yangu ya pili. Amesema asante akiangalia chini. Basi.

Jumapili, 13 Aprili
Tuliondoka kambini alfajiri. Anga safi. Chelangat alitangulia, anahema lakini hasimami. Saa nne tukaona kilele, karibu kabisa.

Kisha upepo ukakatika. Baridi ikashuka ghafla. Wingu likaja kutoka upande wa Uganda, jeusi juu, jeupe chini. Wingu kama hilo limenipigia chai miaka thelathini. Nikasema ni mvua ya mawe, turudi. Mwongozaji wetu wa mlimani akasema litapita. Wengine wakanung'unika, kilele si kile pale? Niliona aibu. Karibu ninyamaze.

Chelangat akageuka. "Huyu dada yangu anajua mawingu. Akisema ni barafu, ni barafu. Mimi nateremka na yeye."

Wakafuata, mmoja mmoja, mwongozaji mwisho.

Mvua ya mawe ilitukuta tumeshafika chini ya mwamba mkubwa. Ilipiga nusu saa. Njia tuliyoacha ikawa nyeupe yote. Kule juu hakuna hata kichaka cha kujificha. Mwongozaji aliangalia, akavua kofia.

Mimi na Chelangat tulijifunika koti moja. Alikuwa anatetemeka. Akasema karibu na sikio langu, "Siku ile mama aliita jina lako. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika mkono, lakini alikuita wewe. Hiyo ndiyo ilinikasirisha. Si chai."

Nilimvuta karibu.

Jumanne, 15 Aprili
Jana jioni tulirudi. Chelangat amelala kwangu. Leo asubuhi tumeenda Kiptere, kwa kaka yetu, kuona kaburi la mama. Magugu yalikuwa mengi. Yeye ameanzia upande wa kichwa, mimi miguuni, tumeng'oa mpaka tukakutana. Mke wa kaka ametuletea mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu. Chelangat ameketi kwenye nyasi, akavua viatu, akanyoosha miguu.