Mzee Runji Anaomba Msamaha

Githongo,
6 Oktoba 2025

Kwa shemeji yangu Njagi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku juu. Natumaini wewe, dada yangu Felicitas na mbuzi wenu mko wazima, na kwamba mvua imefika Siakago. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ni magoti tu yanayomkumbusha miaka yake themanini na minane. Kahawa imeanza kuiva.

Hebu tuanzie mwanzo. Ninaandika kwa sababu simu zangu huzipokei, huu ni mwezi wa ishirini sasa, nayo barua haiwezi kukatwa katikati. Najua kilichokukasirisha. Niliandika gazetini kwamba katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya *Kisima cha Wawili* ulisimama mbele ya kamera kama nguzo ya stima inayomngoja fundi. Mhakiki huandika anachokiona. Tuyaache hayo.

Nimetazama sehemu tatu za msimu wa pili. Shemeji, umefanya nini? Msimu uliopita Mzee Runji wako alikuwa kofia na bakora tu. Sasa ni mtu! Alipomfungia ndugu yake Muthamia kisima kwa kufuli, kisha akaipiga teke ndoo yake, niliinuka kitini. Na vile vitu vidogo: anavyofuta miwani kwa ncha ya tai kabla ya kumjibu yeyote, anavyokataa kiti anachopewa na kuchagua kingine, anavyomkatiza kasisi mazishini ili kumsahihisha mwaka aliozaliwa marehemu. Ana kiburi kisicho na kifani, na bado mtu anamhurumia kidogo. Wazee wa namna hiyo wapo, nimewahi kukaa nao kwenye kamati. Ulimtoa wapi huyu?

Nimeandika uhakiki mpya, nao umo humu ndani ya bahasha. Nimesema humo pia kwamba wazee wa namna hiyo wapo, na kwamba ndiye mhusika wa kweli kuliko wote kwenye runinga mwaka huu. Nimeuandika kwa dhati, ingawa ilibidi nisimame mara mbili nifute miwani, maana wino wa siku hizi ni hafifu.

Mwambie Felicitas Mama anamwulizia. Krismasi iliyopita alimwekea kiti na hakuna aliyekikalia.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu Kailemia


Siakago,
15 Oktoba 2025

Shemeji Mwalimu,

Salamu zimefika na sisi pia tunawasalimu. Tuko wazima. Mvua imenyesha mara mbili, ndengu tumepanda. Mbuzi wanashukuru kwa kutajwa.

Uhakiki nimeusoma. Felicitas pia ameusoma, akacheka mpaka akakaa chini. Asante.

Kuhusu nilikomtoa Mzee Runji, wewe endelea tu kutazama.

Shemeji yako,
Njagi


Githongo,
29 Oktoba 2025

Njagi,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa kusalimu. Mama hajambo. Mimi presha imepanda.

Jumapili tulikuwa tunatazama sehemu ya sita. Mzee Runji akashika ncha ya tai, akafuta miwani, akasema, "Hebu tuanzie mwanzo." Mama, ambaye hajawahi kufuatilia kitu kwenye runinga isipokuwa misa, akanigeukia. "Kailemia, uliingia kwa TV lini? Na mbona hukuniambia?"

Nikamwambia, "Mama, huyo ni Njagi."

Akasema, "Njagi namjua. Huyo ni wewe."

Nikadhani ni macho ya uzee. Jana nikapeleka kahawa kiwandani. Mithika, karani wa mizani, mtoto niliyemfundisha kushika penseli, akaniita mbele ya foleni nzima: "Mzee Runji! Leta hiyo gunia tupime. Na kisima, umefungua ama bado tungoje?" Watu wakacheka hadi mwingine akamwaga debe lake. Kumbe wananiita hivyo tangu mwezi uliopita. Uhakiki wangu wameukata na kuubandika ukutani karibu na mizani, na pale niliposema wazee wa namna hiyo wapo wamepiga mstari mwekundu.

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo. Nikajikuta nimeshika ncha ya tai.

Umenivua nguo mbele ya taifa, Njagi, na mimi mwenyewe nikakupigia makofi gazetini. Nieleze nilikukosea kosa gani linalolingana na hili.

Kaka wa mke wako,
Kailemia


Siakago,
3 Novemba 2025

Shemeji,

Natumaini presha imeshuka. Kunywa maji na upunguze chumvi. Sisi tuko salama, mbuzi mmoja amezaa mapacha.

Umeuliza kosa, basi nitakwambia. Ile nguzo ya stima ilisomwa kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi. Watoto wa hapa wananiita Nguzo mpaka leo. Nikipita na mbuzi wanauliza kama stima imerudi. Hiyo ningeimeza. Lakini Felicitas alikuwa amelificha lile gazeti ndani ya pipa la unga ili nisilione, na nilipolipata nilimkuta analia, kwa sababu aliyeniandika hivyo ni kaka yake wa tumbo moja. Akaapa hatakanyaga Githongo mpaka uombe msamaha. Wewe ukajibu kwamba mhakiki huandika anachokiona. Ndiyo maana kile kiti cha Krismasi kilibaki wazi.

Msimu wa pili ulipokaribia, mwelekezi wetu, binti anayeitwa Kinya, alikuwa karibu kunitoa. Akaniambia, "Mzee, tafuta mtu unamjua kabisa, halafu umvae kama koti." Mtu ninayemjua kuliko wote ni wewe. Tulilala chumba kimoja miaka minne kule Ruiri tukifundisha, wewe Kiswahili na mimi hesabu, mpaka nikamwona dada yako siku aliyokuletea maziwa. Sikuhitaji kwenda mbali.

Nakubali, nilianza kwa hasira. Nilitaka wakucheke. Lakini ukitembea na miguu ya mtu kwa miezi mitatu, hasira inachoka njiani. Niliifuta ile miwani mara nyingi sana, na siku moja nikaelewa kwamba wewe huifuta ukiwa umeogopa. Miaka yote hiyo nilidhani ni dharau.

Sasa nina shida, na hakuna mwingine wa kunisaidia. Tarehe kumi na mbili tunarekodi sehemu ya mwisho. Mzee Runji anampelekea Muthamia ufunguo wa kisima. Kwenye karatasi wameandika tu: "Mzee Runji anaomba msamaha." Maneno wameniachia mimi. Tumefanya mazoezi mara tatu, na mara tatu Kinya amenisimamisha. Anasema nimerudi kuwa nguzo. Nisipoweza, mzee atafia njiani bila kuonekana, ufunguo utaletwa na chifu, na msimu wa tatu mimi sitakuwepo. Kazi hii naipenda, shemeji. Sikujua nitakuja kuipenda hivi katika uzee.

Siwezi kwa sababu sijawahi kukuona ukiomba msamaha. Unakumbuka kengele ya shule? Ulimwambia mwalimu mkuu kwamba nimeipoteza, nikaandikiwa barua ya onyo. Ulipoipata kabatini mwako mwenyewe, uliipiga saa mbili kamili ukaingia darasani.

Kwa hivyo nakuuliza kama mwanafunzi. Wewe ukiomba msamaha, unafanyaje?

Shemeji yako,
Njagi


Githongo,
10 Novemba 2025

Njagi,

Nilikosa.

Salamu zitakuja mwisho. Leo ningejificha nyuma yake.

Ule uhakiki wa nguzo haukuandikwa na mhakiki. Januari ya mwaka wa 2023 nilienda Embu mjini kwa usaili wa Mzee Runji. Sikumwambia mtu. Nilivaa tai, nikabandikwa namba arobaini na moja kifuani, nikasoma maneno yake mbele ya meza ya watu watatu. Wakaniambia, "Asante mwalimu, tutakupigia." Nilitembea na simu mkononi hadi Pasaka, hata bafuni. Kisha nikasikia kwamba nafasi amepewa shemeji yangu, ambaye siku hiyo alikuwa amepeleka tu mbuzi wa kukodishwa kwa ajili ya picha.

Nilikuonea wivu. Msimu wa kwanza ulikuwa na makosa yako, hayo sitayafuta, lakini nguzo ya stima niliitafuta. Nilikaa siku mbili nikiwinda neno litakalouma, na nilipolipata nilifurahi. Sikufikiri kwamba Felicitas atalia. Nilijifikiria mimi na namba yangu.

Umeuliza ninafanyaje. Nimekaa na kalamu hii siku nne. Nimechana barua tano, na zote zilianza kwa salamu ndefu halafu "Hebu tuanzie mwanzo." Leo nimeivua miwani, iko hapa mezani, na sijaifuta. Uvumilie mwandiko, mistari siioni vizuri. Nadhani ndivyo ninavyofanya: nalisema neno lenyewe kwanza, kabla sijapata pa kusimama. Sijui kama litafaa kwa kamera. Hata lisipofaa, lichukue, ni lako na la dada yangu. Sikumwandikia Runji.

Barua hii naipeleka mwenyewe sasa hivi kwenye ofisi ya vifurushi mjini Meru, ikufikie kabla ya Jumatano.

Na kengele pia.

Sasa salamu. Mama hajambo, na mapacha wa mbuzi amewapa baraka.

Shemeji yako,
Kailemia


Siakago,
14 Novemba 2025

Shemeji yangu,

Habari za siku hizi mbili tatu? Sisi ni wazima wa afya, ndengu zimeota zote.

Barua ilifika Jumatatu jioni. Nilimsomea Felicitas tukiwa nje, akichambua kunde. Nilipofika mwisho akaniambia nirudie pale kwa kengele. Nikarudia. Akafuta macho kwa kitambaa cha kunde, akaingia ndani, na nilipomfuata nilimkuta ameshusha begi la safari kutoka juu ya kabati, analipangusa vumbi.

Jumatano tulirekodi. Sitakwambia kitu, ila Kinya hakuisimamisha kamera. Tazama mwenyewe tarehe ishirini na tatu.

Na hiyo namba arobaini na moja hukupaswa kuibeba peke yako. Ungeniambia, ningekupa yule mbuzi uingie naye.

Ukipiga simu sasa nitapokea. Lakini usiache kuandika. Felicitas anasema kwenye simu wewe hufundisha.

Shemeji yako,
Njagi


Githongo,
24 Novemba 2025

Ndugu yangu Njagi,

Salamu kwako na kwa Felicitas. Sisi sote wazima, na nyumba bado ina harufu ya watu.

Jana sebule ilijaa. Mithika alikuja na mke wake na nusu ya foleni ya kiwandani. Niliwapikia chai, na nilipomaliza nikakaa kwenye kiti walichonipa, kigoda cha jikoni.

Ukafika langoni kwa Muthamia. Mithika akanong'ona, "Sasa anashika tai." Hukuishika. Uliivua miwani ukabaki nayo mkononi, umekaza macho, huoni unayemwendea. Muthamia alikuwa analima, amekupa mgongo. Kila mtu hapa alingojea upige hodi. Badala yake ukasema, "Nilikosa." Ulilisema kwa haraka, karibu ujikwae. Muthamia akageuka na jembe lake. Ukanyoosha ufunguo, lakini ukaunyoosha upande ambao hakuwepo, na yeye ndiye aliyesogea kuupokea. Kisha ukaondoka, ukaenda hatua tatu, ukarudi moja.

"Na ile ndoo pia."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka, akanipiga kofi gotini. Yaliyofuata siyajui. Wananiambia kisima kilifunguliwa na watoto wakachota maji. Mimi sikuona, miwani yangu ilikuwa mkononi.

Asubuhi hii mhariri amepiga simu akitaka uhakiki wa sehemu ya mwisho. Nimemwambia atafute mwingine, mimi nina undugu na watu wa kipindi kile. Akauliza undugu upi. Nikamwambia mmoja amemwoa dada yangu, na mwingine ni mimi mwenyewe. Nimemwomba tu nafasi ndogo ya masahihisho, naye amenipa. Itatoka Ijumaa: "Mwaka jana niliandika kwamba Bwana Njagi ni nguzo ya stima. Nilikosa." Hakuna neno jingine.

Mama ameshaanza kupanga viti vya Krismasi, na Novemba haijaisha. Cha Felicitas kiko ubavuni pake. Chako amesema nichague mimi, nami nimekupa kile changu cha karibu na dirisha. Ukifika, tafadhali, usikikatae ukachagua kingine.

Ndugu yako,
Kailemia