Gichuru alikata kabla ya kupanga

Nzilani uko? Nimetoka kwa mkutano wa wakulima wa maembe hapa Kilungu saa hii. Bado siamini.

Unajua Gichuru, yule wa kutuambia code ya Java anaandika hata akilala? Leo alikuwa anaonyesha wakulima system yake. Ilikuwa itoe wakulima watatu bora wa KILA kijiji, waende maonyesho Makindu.

Kwanza akaambia pastor aombee laptop. Laptop, Nzilani.

Akabonyeza. Majina matatu tu, mkutano mzima! Na wote wa kijiji kimoja.

Mama Mbithe, yule mkulima hodari wa kijiji kingine, akasimama: "Kwani kwetu miembe ilikauka?"

Unajua alimjibu nini? "Mama, kompyuta haidanganyi. Jaribuni kulima vizuri." Alimwambia hivyo Mama Mbithe, mbele ya watu. Kulima vizuri!

Nikachungulia code. Ameweka limit(3), ile ya kukata, JUU ya groupingBy, ile ya kupanga. Anakata watu watatu kwanza, halafu ndio anawapanga kwa vijiji. Ni kama kupika sufuria ya muthokoi, yale mahindi na maharagwe yetu, uchote vijiko vitatu, umwage sufuria, halafu ndio uite watu wakule.

Nikamnong'onezea, panga kwanza, halafu ukate ndani ya kila kijiji. Akanipungia mkono ninyamaze, kama mtu anafukuza kuku. Akatangaza shida ni network. Network gani? Hiyo laptop haikuwa hata na internet!

Pastor akafunga mkutano kwa kukemea pepo wa network. Sisi wote macho tumefunga, limit(3) bado iko kwa screen, na aliyesema amina kwa nguvu kutushinda wote ni Gichuru.