Wifi Alivyolipandisha Gari la Wagonjwa

Kaka mpendwa,

Hatujambo, na mvua zimeanza. Juzi mama alizidiwa na kifua, tukamkimbiza hospitali. Mlimani gari la wagonjwa likaishiwa nguvu. Dereva akakanyaga mafuta hadi mwisho, wapi!

Mkeo akashuka, akafunua boneti. "Ukikanyaga hivyo, kompyuta ya injini inatakiwa kuongeza petroli kuliko kawaida. Lakini waya wa kipima hewa umelegea. Inadhani hewa ni kidogo, ndiyo maana inabana mafuta." Akaukaza. "Haya, kanyaga!"

Gari likapanda likinguruma. Kaka, una mke!

Mama amepata nafuu, anatugombeza kama kawaida. Anasema ukirudi, umwombe kwanza mkeo radhi kwa kumkataza ufundi, ndipo umsalimie yeye.

Mdogo wako akupendaye