Neno Nililosema Mbele ya Kamati

Dada Paulina,

Shikamoo. Naandika salamu hii bila kujua kama utaiitikia, na usipoitikia sitakulaumu. Mama hajambo? Mguu wake bado unamsumbua baridi inapozidi huko Tlawi? Na maharage, mvua iliyaacha salama? Mimi huku Uingereza ni mzima wa mwili. Masomo yanaendelea na chakula chao nimekizoea, ingawa ugali naukumbuka kila siku.

Barua ya mama, aliyoandikiwa na katekista, imenifikia wiki iliyopita. Anasema umeacha kazi kule Hanang kwenye shamba la ngano na umerudi nyumbani na sanduku lako. Hakutaja sababu. Pengine hukumweleza. Sababu naijua mimi, na nimechoka kuificha.

Unakumbuka tulivyokuja Hanang, mimi na wenzangu wawili wa kamati. Serikali ilitaka ushauri wa wataalamu: kompyuta zipelekwe wapi, nani azitumie, na nani afundishwe kwanza. Shambani kwenu ilikuwepo kompyuta moja ya majaribio, imeletwa na wageni, imewekwa kwenye chumba kilichozibwa madirisha ili kuzuia vumbi. Nilidhani nitakukuta kwenye majalada yako ya ukarani. Nikakukuta umekaa mbele ya ile mashine unaingiza mavuno, na mgeni aliyepaswa kufanya kazi hiyo amesimama nyuma yako na kikombe cha chai. Hakuna aliyekufundisha. Ulikuwa umetazama tu, ukaandika kwenye daftari kila kibonyezo na kazi yake, mpaka ukaelewa.

Siku ya tatu, karatasi za hesabu zilipotoka kwenye mashine, ulimwambia yule mgeni kwa upole kwamba kuna kosa: mashine imehesabu ngano ya shamba ambalo mwaka ule halikupandwa. Akabisha. Ukamwomba twende tukaone. Tulipofika tulikuta majani matupu, na ng'ombe wa watu wanalisha. Aliporudi ofisini alisahihisha. Siku ile nilijivuna kuwa mdogo wako, ila sikukwambia.

Sasa nikueleze yaliyotokea Dar es Salaam, ambayo hukuyaona.

Kamati ilipokaa, mwenyekiti aliuliza kama makarani wa mashambani, hata wale wa darasa la saba, wanaweza kufundishwa hukohuko waliko. Akanigeukia mimi kwa kuwa ndimi mwenyeji wa kule. Nilichotakiwa ni kusema nilichokiona, basi. Lakini mwenzangu mmoja alitabasamu, akasema kwamba karani mmojawapo ni dada yangu. Wengine wakacheka kidogo. Nikaogopa wasije wakasema nimekwenda Hanang kumtafutia ndugu yangu cheo. Na kulikuwa na jingine baya zaidi, dada. Niliona haya wajue kwamba dada wa mtaalamu ameishia darasa la saba.

Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, karani wa darasa la saba hawezi kukabidhiwa kazi hii. Tuchukue vijana wa kidato cha sita, tuwafundishe hapa mjini."

Nilisema mimi, ambaye najua vizuri kwa nini hukuvuka darasa hilo. Ulichaguliwa kuendelea. Baba alikuwa ameshafariki, mama akaugua, nawe ukasema utabaki na mgonjwa na mifugo ili mimi nisikatishe shule. Sikumbuki kama nilikushukuru. Nilikuwa mdogo, lakini baadaye nilikua, na bado sikukushukuru.

Maneno yangu yaliandikwa kwenye mapendekezo, na serikali ikayachukua yalivyo. Nilikuwa nimeshakuja huku wakati yule kijana wa kidato cha sita alipoletwa kwenu, nawe ukahamishiwa ghalani kupanga magunia. Mwenzangu mmoja wa kamati aliyepita tena Hanang aliniandikia kwamba kijana mwenyewe hatofautishi shamba moja na jingine. Mashine ikikosea, naye anakosea pamoja nayo. Alisema pia kwamba nakala ya taarifa yetu ilipelekwa kwako, kabla hujahamishwa, uiweke kwenye jalada. Kwa hiyo uliisoma, na uliona jina langu.

Huku mwalimu wetu wa kutunza kumbukumbu kwa kompyuta ni mama wa makamo. Aliacha shule akiwa msichana, akaanza kama karani kwenye kiwanda cha maziwa. Siku moja wakati wa chai nilimsimulia habari za karani aliyeigundua ngano isiyopandwa. Alipendezwa sana. Akauliza, "Huyo karani mmempa mafunzo gani?"

Nikamjibu kwamba alihamishiwa ghalani. Akaweka kikombe chini, akataka kujua nani aliamua hivyo. Nikasema kamati. Hata hapo, dada, nilishindwa kusema ni mimi.

Kesho yake nilirudi kwake nikamwambia ukweli wote. Hakunikaripia. Alinipa karatasi, akasema niwaandikie waliopaswa kuusikia. Nikamwandikia mwenyekiti, nikaeleza niliyoyaona Hanang na kwa nini niliyanyamazia. Jibu lake lilitangulia barua ya mama kwa siku mbili. Kamati imeshavunjwa, anasema, na ushauri wetu umeshakuwa mwongozo. Kuubadili kunahitaji kamati nyingine. Chini ya maneno yaliyopigwa chapa aliongeza kwa mkono wake: "Ungeyasema haya siku ile, tungekusikiliza."

Sentensi hiyo naijua kwa moyo sasa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Jambo hilo lina mahali pake, nyumbani, mbele ya mama. Nikirudi nitamweleza ukiwa umekaa hapo unasikia, na nitasema kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, ambamo sina maneno ya kiofisi ya kujifichia. Kama umeshamweleza wewe, nitarudia tu.

Mpe mama shikamoo yangu. Nisalimie mjomba kule Tumati anayetutunzia ng'ombe, na shangazi mwenye kinu, na umshukuru katekista kwa mwandiko wake mzuri.

Kaa salama, dada. Ulikuwa karani bora kuliko sisi sote tuliokuja kukupima.

Mdogo wako,
Paskali