Daktari, Nimemchukua Mwende

Daktari,

Nimekaa na habari hii tangu mvua za Novemba, na leo nimeona afadhali uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa marehemu wengine wa Nunguni, maana najua hata huko mliko porojo hazikosi. Nimemchukua Mwende. Ndiyo, binti yako. Alipomaliza mafunzo ya udaktari alikuja ofisini mwako (bado tunaiita yako), akasema anataka kufanya utafiti wa magonjwa ya mkojo kama sisi, nami nikakubali. Wewe ulikuwa umemkataza nikiwa nimekaa pale pale, na ulikufa hujabadilisha neno. Mzee mzima kama mimi kuogopa mtu aliye chini ya udongo ni kichekesho. Lakini unajijua ulivyokuwa, Daktari.

Ngoja kwanza nikupe habari za hapa. Ile Land Rover imelala nyuma ya chumba cha kufulia, na kuku wa mpishi wanatagia kwenye kiti chako. Musyoka mwenzangu alienda Botswana, anasema huko dawa hazikosekani, ila hakuna mtu wa kumgombeza. Wazee bado wanakuja wamechelewa, kibofu kimejaa hadi kitovuni, wakisema ni tumbo tu.

Unakumbuka ile siku ya Kasikeu? Musyoka na mimi tulikuwa vijana, tumetoka Nairobi na maswali yetu yamepigwa taipu vizuri. Musyoka akamsalimia mzee mmoja, na kwa adabu akajitambulisha kwa ukoo wake. Mzee akainuka. Kumbe binti yake ameolewa katika ukoo huo! Akavaa kofia, akasema, "Basi wewe ni mkwe," akatoka na mkojo wake wote tumboni. Ulimkimbilia mwenyewe hadi barabarani, koti jeupe likipepea, ukamrudisha kwa kumbembeleza.

Tulipotoka tukapita Emali. Pale ukatununulia chai na mandazi, ndipo ukatufundisha jambo ambalo hatukulisoma popote. Ukasema kwa wazee wetu kuna nthoni, ile haya ya wakwe, na mkwe haambiwi hata kwamba una tumbo. Lakini mjukuu huambiwa kila kitu, tena kwa utani. "Kabla hujauliza mkojo, tafuta njia ya kuwa mjukuu." Tulicheka hadi Musyoka akamwaga chai. Tangu siku hiyo sijawahi kumuuliza mzee swali kabla ya kujua anatoka wapi na aliitwa jina la nani. Ah, Daktari, siku zile zilikuwa tamu. Tulikuwa na njaa, tumejaa vumbi, na hatukujua kwamba tulikuwa na furaha.

Lakini kanuni hiyo hiyo ndiyo uliyomfungia nayo Mwende. Msichana, ulisema, ni mkwe wa kila mtu, na wazee watakufa na siri zao wakimwona. Nami nilikuamini, kwa sababu nilikuamini kwa mambo yote.

Halafu ukaugua, tena ugonjwa wetu wenyewe. Kila nilipoingia chumbani na mpira wa mkojo, ulimgeukia Mwende aliyekuwa amekesha nawe ukamwambia, "Mwaitu, toka kidogo." Mwaitu, mama yangu. Ulimwita hivyo tangu alipozaliwa kwa sababu amebeba jina la mama yako. Alitoka kila mara, akasimama verandani na kitambaa mkononi. Siku moja akaniuliza, "Anko Kioko, baba anaona haya ya nani?" Nilikukasirikia siku hiyo, Daktari, na hukuwa na nguvu ya kugombana, kwa hivyo nilirudi ndani kuuangalia mpira wako. Nadhani ni pale verandani alipoamua kuivunja amri yako.

Sasa sikiliza yaliyotokea hapa Nunguni. Siku ya kliniki yake ya kwanza baridi ilikuwa ile yenu ya milimani, wazee wamejaa kwenye benchi na makoti yao. Mzee wa kwanza akamwangalia Mwende, akaniangalia mimi. "Daktari ni wewe, ama ni huyu msichana?" Nikasema, "Ni huyu." Akiinuka huyu, wote wangeinuka naye, utafiti ungekufa kabla ya kuzaliwa, na Mwende angerudi Nairobi akijua kwamba baba yake alisema kweli.

Mwende hakuuliza mkojo. Aliuliza mzee anatoka upande gani, kisha akasema anaitwa Mwende, jina la nyanya yake. Mzee akapiga goti lake kofi. "Mwende? Yule tulikuwa tunalima na yeye kwa mwethya, tukisaidiana mashamba? Alikuwa ananicheka sana huyo, ati jembe yangu ni ya kupapasa! Sasa umerudi kunicheka tena?" Naye Mwende, bila kupepesa macho, akamwambia, "Nimerudi. Sema unaumwa wapi, nione kama nitacheka."

Daktari, alisema yote. Alisema kwa sauti kubwa hadi benchi nzima ikasikia, na wenzake wakaanza kuongeza ya kwao kabla hawajaitwa. Nilitoka nje nikajifanya natafuta mafaili, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Kanuni yako ilikuwa nzuri kuliko ulivyoijua mwenyewe. Ungemwacha tu mtoto aitumie.

Wiki jana aliniletea maandishi yake ya kwanza. Niliyapenda, na nikayarudisha yote. Nilimwambia ameandika kama mtu aliyesikia, si kama mtu aliyeona. Aliondoka bila kuaga, macho mekundu, na wauguzi wakaniambia sina roho, mtoto wa marehemu jamani. Asubuhi alirudi ameandika upya. Safari hii alinibishia mahali pawili, na mahali pamoja alikuwa na haki.

Kwa hivyo nakuahidi hivi. Sitamhurumia kwa sababu ni wako. Nitamgombeza kama ulivyotugombeza, na nitampa kisu cha upasuaji siku mkono wake utakapokuwa tayari, si kabla wala baada. Kama umekasirika, nisubiri huko, tutagombana vizuri nikifika. Na kama umefurahi, sijui utanijulisha vipi. Nimekukosa sana, Daktari wangu.

Naomba uniwie radhi, naishia hapa. Mwende ananiita nikamshikie taa akimpima mzee. Anasema nimechelewa.

Kioko wako